Mbwa Aliyekataa Nyama

Siku niliyoandikwa kazi katika maghala ya Changamwe nilivaa kanzu niliyoolea. Nilidhani nakwenda kuwa karani wa mizigo, kwa kuwa kusoma na kuandika nilijua, na mjomba wangu alikuwa ameniombea kwa msimamizi. Msimamizi hakuniinulia uso. Alisema karani keshapatikana, kazi iliyobaki ni ya kushika mbwa. Nilicheka, nikadhani ni mzaha. Yeye hakucheka.

Nyinyi vijana mnamwona askari na mbwa wake getini na hamshtuki. Wakati ule, miaka ya mwisho ya hamsini, mtu wa Kisauni aliyelelewa katika Uislamu kuambiwa ashike mbwa ilikuwa sawa na kuambiwa apite sokoni uchi. Mate ya mbwa kwetu ni najisi nzito. Yakikugusa waosha mara saba, na moja katika hizo kwa udongo. Lakini mke wangu Zuhura alikuwa mjamzito, na kazi nilikuwa nimezitafuta hadi viatu vikaisha nyayo. Nikasema ndiyo.

Jioni ile nilimwendea maalim wetu. Akaniambia, "Mbwa wa ulinzi sheria imemruhusu, Salim. Jitwaharishe vyema, na riziki yako ni halali." Alinambia hayo faraghani, barazani kwake. Nilitaraji atayasema na msikitini watu wakamsikia. Hakuyasema, siku hiyo wala siku nyingine.

Washika mbwa tulikuwa wawili, mimi na Kazungu, Mgiriama wa Utange, aliyekulia na mbwa wa kuwindia wala hakuona ajabu yoyote. Aliyetufunza ni Bwana Mkufunzi, Mzungu mfupi aliyetoka jeshini, na juu yake alikuwako Bwana Meneja. Kazungu alipewa dume jeusi, mlafi, ambalo lingefanya lolote kwa kipande cha pafu la ng'ombe. Mimi nikapewa jike la Kizungu lililoletwa kwa meli, masikio wima, mgongo mweusi na miguu rangi ya mchanga. Jina lake Bela.

Bwana Mkufunzi hakuamini kiboko, na kwa hilo namsifu hadi leo. "Ukimpiga atakuogopa," alikuwa akisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Mimi taka yeye ngoja wewe." Njia yake ilikuwa ya tuzo, yaani chakula kidogo anachopewa mbwa papo hapo anapotii amri. Tuzo ina masharti yake. Iwe ndogo, aimeze bila ya kutafuna, la sivyo atasahau alichokifanya. Iwe na harufu ya kumfikia puani hata kukiwa na upepo. Na itoke mkononi wakati ule ule makalio yanapogusa chini. Ukichelewa, umemlipa kwa jambo jingine. Baadaye wampunguzia, mara wampa, mara humpi, mpaka anatii kwa mazoea. Huko twakuita kumwachisha tuzo.

Shida yetu ilikuwa kwamba Bela hakutaka tuzo yoyote. Tulianza na biskuti za mbwa zilizoletwa kwa madebe; akazinusa, akageuza kichwa. Tukampa pafu, tukampa maini yaliyochemshwa, tukampa nyama mbichi. Bwana Mkufunzi akaomba jibini mezani kwa Bwana Meneja, Bela akaipokea mdomoni kwa adabu na kuiweka chini mbele ya kiatu changu. Chakula chake cha jioni alikila kidogo, shingo upande, kama mgeni asiyetaka kumvunjia mwenyeji heshima. Mafunzoni hakugusa kitu.

Bwana Meneja alikuja kutazama. "Mfunge njaa," akasema. Tukamfunga njaa, mbavu zikatokeza, na bado akawa anatazama biskuti kana kwamba ni kokoto. Bwana Meneja alipokuja tena hakushuka garini. Alimwambia Bwana Mkufunzi, nami nasikia, "Mwezi ukiisha bila ya mbwa huyu kufaa kitu, mpige risasi. Na huyu mtu wake aende zake."

Nilikuwa nimekwisha kubeba aibu yote. Nilikuwa nikibadilisha nguo chumbani kwa Kazungu, kule kule Changamwe, kabla sijavuka kurudi kwetu, nikioga kwa udongo na maji mpaka ngozi ikakauka, na watoto wa mtaani wakinibwekea nikipita. Sasa naambiwa aibu hiyo nayo nitaikosea malipo.

Siku moja mchana Zuhura alinifungia wali na pweza mkavu, yule anayeanikwa juani, akachomwa makaa, akapondwa na kuungwa kwa nazi. Pweza huyo tukimpata kwa shangazi yake wa Likoni, aliyekuwa akimtafuta kwenye miamba ya Shelly Beach maji yakitoka. Nilikula kwa mkono, nikanawa kwa maji matupu, nikaenda kumfungua Bela. Aliponikaribia, alisimama. Pua ikatetemeka. Kisha akanilamba vidole, kimoja kimoja, mpaka kwenye kifundo cha mkono.

Nilimpigia kelele. Nikaenda bombani na kopo langu la udongo kuanza kuosha, na huku naosha nikatambua kilichotokea. Nikamwita Kazungu. Kazungu akacheka mpaka akashika ukuta. "Mbona huyu ni Mswahili mwenzio!" akasema.

Kesho yake nilikuja na mguu mmoja wa pweza. Nilikuwa nimemroweka kumtoa chumvi, maana chumvi humtia mbwa kiu akashindwa na kazi, nikamchoma kidogo, nikamkatakata vipande kama punje ya mahindi. Nikasema kaa. Bela akakaa kabla sijamaliza neno. Asubuhi hiyo alijifunza kukaa, kulala na kufuata mguu wa kushoto, mambo ambayo dume la Kazungu liliyasumbukia wiki nzima.

"Nini hiyo?" akauliza Bwana Mkufunzi.

"Pweza, bwana."

Akachukua kipande, akakitafuna mwenyewe, akatikisa kichwa. "Safi," akasema. Hiyo ndiyo sifa pekee niliyopewa katika kazi ile. Baadaye kidogo mkataba wake ukaisha, akarudi kwao. Bwana Meneja alipokuja na wageni kuonyesha mbwa wake, niliwaona wakicheka na kumpa mkono. Yeye ndiye, aliwaeleza, aliyevumbua kwamba mbwa wa Ulaya hufunzwa kwa pweza. Mimi nilikuwa nimesimama palepale nimeshika mnyororo.

Kumbe aliyelipa ni Zuhura. Alikuwa akipika mahamri ya asubuhi, na mtaa mzima ukinunua kwake. Kamba ya kuanikia pweza ilipoonekana uani kila siku, na watu wakajua pweza yule aenda wapi, maneno yakaanza. Mara sufuria za Zuhura mbwa hulambishwa. Mara unga wake haufai. Jirani yetu mmoja, mwanamke aliyekuwa akimwita mwanangu, alimrudishia sahani ya futari jinsi ilivyofunikwa. Zuhura hakugombana naye. Alimimina unga uliobaki kwenye gunia, akalifunga, na mahamri hakupika tena.

"Niache kazi?" nikamuuliza.

"Ukiacha, watanunua kwangu tena?" akanijibu. "Watoto wale nini, Salim, sifa za jirani?"

Kisha ukaja mgomo wa vibarua. Asubuhi hiyo walijaa getini, wengi wao wa Mikindani na Changamwe, watu niliowajua kwa majina, wakitaka kusikilizwa. Bwana Meneja alitoka ofisini uso mwekundu. "Mwachie!" akaniambia. Nikashika mnyororo. Akaninyang'anya yeye mwenyewe, akaufungua, akamwamrisha Bela kwa Kiingereza awashike. Bela alimtazama, akanitazama mimi. Nikamwambia kaa. Akakaa.

Vibarua wakashangilia na kumcheka Bwana Meneja mbele ya makarani wake. Wala hawakunishukuru. Wakati natoka jioni, mmoja wao alitema mate chini akasema, "Mbwa wawili wa Mzungu." Na asubuhi ile angeraruliwa paja kwa neno langu moja.

Bwana Meneja hakunifukuza, alinihamisha. Nikapelekwa Likoni kulinda nyumba yake ya ufukweni, Shelly Beach, mimi na Bela, mbali na watu. Nyumba yenyewe muda mwingi ilikuwa tupu. Tulizunguka ua, tukakaa, tukazunguka tena. Shangazi wa Zuhura alikuwa akipita na kijiti chake cha kuwindia, akitutupia mguu wa pweza juu ya ukuta. Kama kuna kipindi cha kazi ile ambacho sikukichukia, ni hicho, nacho nilipewa kama adhabu.

Uhuru ulipokaribia, Bwana Meneja alianza kufunga mizigo. Makasha yalijaa barazani. Nikajua Bela hatachukuliwa. Nikaenda nyumbani, nikamweleza Zuhura. Aliendelea kuchagua mchele. Mwisho akasema, "Mlete. Alale nje ya ua. Maneno wameshayasema yote, hawana tena la kuongeza."

Nilirudi kwa Bwana Meneja nikamwomba.

"Utamweka wapi?"

"Kwangu, bwana."

"Huyu si mbwa wa vibanda," akasema. "Nitamfanyia huruma."

Akaamuru nyama ya steki iletwe, akaitia sumu mbele ya macho yangu kama mtu anayetia chumvi. Bela aliinusa, akageuza kichwa. Bwana Meneja akaisogeza kwa kiatu. Bela akarudi nyuma hatua moja, kwa adabu ile ile yake.

"Toa pweza wako," akaniambia Bwana Meneja.

"Sina, bwana."

"Nauona mfuko umevimba."

Nikamwambia, "Bwana, mbwa huyu hula mkononi mwangu kwa sababu hajauona ubaya humo. Sumu sitii. Nifukuze."

Aliingia ndani. Nilidhani amekwenda kuniandikia barua ya kuachishwa kazi. Alitoka na bunduki. Bela alikuwa amekaa kando ya mguu wangu wa kushoto, na mbwa aliyefunzwa vizuri akikaa haondoki mpaka aambiwe. Nikafungua kinywa kumwambia akimbie. Amri ya kukimbia hatukumfunza. Nilipiga kelele tu, kwa Kiswahili, "Enda! Enda zako!" naye akaninyanyulia masikio, akingoja neno analolijua.

Nilimzika mwenyewe nyuma ya nyumba, mahali maji kujaa yasipofika. Bwana Meneja alikuwa akiendelea kuhesabu makasha.

Baada ya bendera mpya kupanda, kampuni ilipata Meneja Mwafrika. Siku yake ya kwanza alitukusanya Changamwe, akahutubu kwamba mbwa walikuwa silaha ya mkoloni dhidi ya mtu mweusi, na sasa mabanda yale yatabomolewa. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wengine, maana nilijua ukweli wa maneno yale kuliko wote. Dume la Kazungu likauzwa kwa mkulima wa bara, Kazungu akarudi Utange kulima, nami nikawekwa bawabu wa geti.

Haukupita muda mrefu Meneja huyo akahamia nyumba kubwa ya Mzungu aliyeondoka. Asubuhi moja alisimamisha gari getini, akateremsha kioo. Katika kiti cha nyuma walikuwako mbwa wawili, masikio wima.

"Bwana Salim, nimeambiwa wewe ni fundi wa hawa. Wizi umezidi. Uje nyumbani unifunzie."

"Mzee amekosea mtu," nikamjibu. "Mie ni bawabu tu. Mbwa siwajui."

Alijua nasema uongo, akapandisha kioo. Nikamfungulia geti.

Nilikaa getini hapo mpaka nilipostaafu. Siku ya kuniaga walinisifu kwamba sikuwahi kuchelewa. Hakuna aliyetaja mbwa, na niliowatumikia enzi hizo walikuwa wameshatawanyika au wamekufa. Zuhura yu hai, alhamdulillahi. Mara chache nikimwambia anipikie mahamri, hunambia unga umekuwa ghali, nami simbishii.

Siku hizi vijana wengi wameandikwa na makampuni ya ulinzi, na wakisikia kwamba niliwahi kushika mbwa huja kuniuliza. Huwaeleza bila ya choyo. Mbwa akikataa chakula, usimfunge njaa wala usimlazimishe. Kaa naye, tazama pua yake inakwenda wapi, atakuonyesha mwenyewe. Hayo nawafunza. Kisha huniuliza kama kazi ile ilikuwa nzuri, na naona wanataka niseme ndiyo, kwa sababu wao ndio kwanza wanaianza. Huwaambia niliijua sana. Na wao, kwa heshima, huaga wakaenda zao.