Nimecheka kwenye Zoom ya filamu ya Wakroeshia

Jamani, leo nimejiaibisha mpaka Zagreb.

Ivana, Mkroeshia ninayefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee hapa ughaibuni, mjini St Marys, alinialika kuangalia filamu mpya ya kwao kwenye Zoom. Si mnajua lockdown, mtu unakubali chochote.

Filamu tamu! Ilipoisha, mwongozaji mwenyewe akaingia kutusalimia.

Akasema kwa Kiingereza kwamba filamu yote ameirekodia jikoni kwa…

Lile neno. Herufi nne, linaanza na K. Kwetu Tanga hulitamki mbele ya mama mkwe.

Akalirudia. Mara tatu!

Nikacheka kile kicheko cha kugonga meza. Nilidhani maiki nimezima.

Kumbe sura yangu ndiyo imejaa skrini.

Ivana akaniandikia pembeni: "Kwetu hilo ni mama wa ubatizo. Ndiye aliyemlea. Korona imemchukua juzi."

Mwongozaji akaniuliza, kwa upole kabisa, nimecheka nini.

Nikasema, "Sorry, she reminds me of my aunty."

Akafuta machozi, akanishukuru.

Mimi shangazi sina.

Kesho niko zamu moja na Ivana, na ameomba nimletee picha ya huyo shangazi.

Nani ana shangazi mwenye picha nzuri?