Kinanda Kilichoitikia Rosettenville

Niliondoka Moshi Jumatatu kwa sababu ya ujumbe wa sauti. Aliyeutuma ni Mama Neema, fundi cherehani kutoka Bukavu, aliyekuwa amepanga nyumba moja na mwalimu wangu wa kinanda kule Johannesburg. "Papa Eliya, Mama Helve amekufa, iko miezi mbili sasa. Ile kinanda yake alisema ni yako. Lakini iko inaongea, papa! Kuya mbio. Jumapili mchungaji anakuja kuichoma."

Nilicheka, kisha nikakata tiketi ya basi. Mimi nafundisha kwaya, siamini vinanda vinavyoongea. Lakini kuchoma! Nani mwenye roho ya kuchoma kitu kama kile?

Kutoka Tunduma hadi Lusaka nilimfikiria Mwalimu Helve tu. Alikuwa mtu wa Estonia, nchi ya baridi ambako alipiga vinanda vya kale katika makanisa ya mawe huku amevaa glavu zilizokatwa vidole. Alizunguka Ulaya na vikundi vya muziki wa zamani, akapigiwa makofi, kisha akamfuata mumewe, mhandisi wa migodi, Johannesburg. Mume akafa, yeye akabaki, akaanza kufundisha wapiga vinanda wa makanisa: Wakongo, Wamalawi, na mimi, wakati huo mlinzi wa ofisi huko Marshalltown, katikati ya jiji. Miaka mitatu, kila siku yangu ya mapumziko, alinikalisha mbele ya klavikodi yake. Ni kisanduku cha mbao cha kuweka mezani, chenye nyaya za shaba, na sauti yake ni ndogo hata ukivuta kamasi huisikii. "Usikimbilie kutoa kidole," alikuwa akisema kwa Kiswahili alichookota kwetu. "Sauti inaishi ukiigusa. Ukitoa, inakufa." Nilikuwa namkasirikia sana. Leo mkate wangu unatoka hapo.

Beitbridge, mpakani mwa Zimbabwe na Afrika Kusini, Alhamisi. Nikiwa kwenye foleni, jua kali utosini, ujumbe mwingine ukaingia: "Leo imelia wakati ninasali." Nikausikiliza mara tatu. Nyuma ya maneno yake kulikuwa na mvumo mwembamba, nao uliendelea hata alipomaliza kusema.

Rosettenville, mtaa wa kusini mwa Johannesburg, Ijumaa mchana. Teksi iliniacha kwenye robot, yaani taa za barabarani, hatua chache kutoka nyumbani kwao. Mama Neema alinipokea begi. "Karibu, papa. Pole na safari." Cherehani alikuwa ameihamishia jikoni, na mlango wa chumba cha marehemu alinionyesha kwa kidole, akiwa mbali.

Nikaingia. Shali ya Mwalimu ilikuwa bado mgongoni mwa kiti. Kwa mazoea tu nikasema, "Shikamoo, Mwalimu."

Kisanduku kikaitikia. Kilitoa sauti ndefu, ya mtu anayeguna akiwa amefumba mdomo. Mimi si mtu wa kuamini majini, lakini miguu haikuniomba ruhusa. Nilijikuta uani.

"Eish!" Mama Neema akasema. "Na wewe unakimbia!"

Jumamosi asubuhi nikajikaza, nikafungua kifuniko. Ndipo nikaona. Klavikodi hufumwa utepe wa kitambaa katikati ya nyaya, nao ndio unaozinyamazisha kidole kikitoka. Utepe haukuwepo. Nyaya zote zilikuwa uchi, na kila aliyesema neno, zilitetema naye.

"Mama Neema, humu hamkuwa na kitambaa chekundu?"

"Ile? Ilikuliwa na nondo yote! Niliitoa siku ya usafi, nyuma ya maziko. Mimi fundi, papa, naweza kuacha matambara ndani ya kitu ya marehemu?"

Nilicheka mpaka nikalia, na kulia huko hakukuwa kwa kicheko. Akaleta sufu, akaikata mikanda, tukafuma pamoja, juu, chini, juu, chini. Alinishinda kwa mbali. Tulipomaliza nikakiamkia kinanda. Kimya.

Jumapili, baada ya ibada, mchungaji alifika na waumini wawili na chupa ya mafuta ya taa. Alikemea mpaka vioo vya dirisha vikatikisika. Kimya. Akakemea tena. Kimya. Akamshukuru Mungu, akanywa chai, akaenda zake na chupa yake.

Nikaanza kukifunga kinanda kwa blanketi. Mama Neema alisimama mlangoni, hanipishi.

"Vipi tena?"

"Nilikuwa ninaogopa, kweli. Lakini kila asubuhi nikisema, 'Mama Helve, umeamkaje,' ilikuwa inaitika. Watoto wangu wananijibu Kizulu. Sasa nyumba imenyamaza kabisa."

Niseme ukweli: nilikitaka kile kinanda kuliko kitu chochote. Nilikasirika, tena sana. Kisha nikafungua blanketi, nikamwambia aamkie kama kawaida yake, nikasikiliza sauti yake inatua kwenye noti gani. Nikachomoa kitambaa kwenye jozi moja tu ya nyaya.

"Mama Helve, umeamkaje?"

Kikaitika, chembamba. Nikamwachia.

Moshi, Ijumaa. Nimerudi mikono mitupu. Miaka yote nilishika somo la kutokimbilia kutoa kidole. Ilibidi nisafiri mpaka huko nijifunze kwamba iko siku ya kukitoa.

Nilimpigia Mama Neema kumwambia nimefika. Akaweka spika, akaiacha simu chumbani kwenye kiti. "Iamkie na wewe."

"Shikamoo, Mwalimu."

Kisauti cha simu hakiwezi kutikisa waya wa shaba; najua, ndiyo kazi yangu. Nikasikia mtu anaguna, taratibu, mdomo umefumbwa.

"Mama Neema, acha mchezo."

"Si mimi, papa," akaita kutoka mbali. "Mimi niko huku jikoni."

Sikukata simu.