Ubeti wa Mchimba Kisima

Boitshepo alianza kuimba wakati gitaa lake likiwa bado kopo la mafuta lenye nyuzi nne za breki ya baiskeli. Mkono aliupitisha juu ya shingo ya gitaa, kama wapigaji wote wa kijiji cha Letlhakeng, ila nyimbo zake hazikuchezeka. "Huyu anaongea na sufuria!" walevi walimcheka vilabuni. Kisha wakamsikiliza, povu likawaishia vikombeni.

Miaka kumi na tisa ikapita hivyo. Kwenye tamasha la Septemba akaimba wimbo wa kisima. Beti mbili zilikuwa za kiu na ng'ombe. Ubeti wa tatu ulimtaja aliyekichimba, mumewe Modiri, miezi minane na sururu moja. Uwanja mzima ulisimama.

Januari Modiri akafa. Kwa mila yao mjane haimbi wala hashiki gitaa mpaka mwaka uishe, avuliwe nguo nyeusi. Kwa hiyo Septemba iliyofuata wimbo alipewa Larona, binti wa jirani. Boitshepo alimfundisha kwa maneno makavu, akigonga mdundo kwenye ndoo.

"Wa tatu naujua, mama. Mwaka jana si nilikuwa mbele kabisa?"

"Useme nikusikie, mwanangu."

"Ah, mama! Kwani mimi wa chekechea?"

Akacheka, akaenda zake. Boitshepo hakumwita. Jina la mumewe lilikuwa bado zito kulisikia.

Siku yenyewe jukwaa lilisimamishwa ng'ambo tu ya ua wake. Ubeti wa kwanza ukatoka vizuri, wa pili pia. Halafu gitaa likarudia mzunguko wake mara moja, mara mbili, mara ya tatu, bila sauti ya mtu. Larona akageuka kuutazama ua. Watu nao wakageuka.

Boitshepo alikuwa ameshasimama, mdomo wazi.

"Wifi, kaa," alisema Sethunya, dada wa marehemu, sinia la maharage mapajani.

"Mstari mmoja tu. Namtamkia, siimbi."

"Ukipaza sauti mbele za watu umeimba. Unataka kuvunja mwiko, watoto wa kaka yangu waugue?"

"Kaka yako ndiye anayesahaulika pale!"

Sethunya aliinamia maharage. Alichambua moja, akalirudisha palepale. "Najua," alisema. "Kaa, wifi yangu."

Akakaa. Vidole vyake vikawa vinacheza juu ya goti, chini ya shali, kila noti mahali pake. Ng'ambo Larona alirudia ubeti wa kwanza. Watu wakapiga miluzi na makofi. Jumatatu watoto walipita kwenda shule wakiuimba, beti mbili.

Januari alivuliwa nguo nyeusi. Kwenye harusi ya kwanza aliyoalikwa akashika gitaa, akaimba wimbo wa kisima, na watu wakamwitikia kwa nguvu mpaka mwisho wa ubeti wa pili. Hapo wakapiga makofi, wakaanza kugeukia nyama. Yeye akaendelea na wa tatu.

"Mama, wimbo si umeisha?" aliuliza kijana mmoja kwa upole, sahani mkononi. "Huyo Modiri ni nani?"