Riba na Chumba cha Mama

Mama alipofariki, mimi na kaka yangu tulirithi nyumba yake ya mtaa wa Mabatini, mjini, vyumba vinne na choo cha uani. Kaka anaishi Nansio, anauza dagaa. Mimi niliishi na mama mpaka mwisho, na baada ya matanga nikabaki humo na wapangaji. Kila alfajiri, saa ambayo mama alizoea kuamka kukinga maji ya bomba, nilisikia ndoo ikiburutwa sakafuni chumbani kwake. Nikifungua mlango, ndoo iko palepale, kavu.

Kaka alitaka tuuze. Alikuwa amepata habari kwamba hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali pesa zako, zinalipa riba kubwa kuliko kodi ya wapangaji wetu wote.

"Hatifungani haina choo cha kuziba, mdogo wangu," aliniambia. "Wala haivuji. Unakaa, serikali inakulipa."

Nilimwambia nitatafuta dalali. Nimeishia darasa la saba, na habari ya ndoo sikuweza kumwambia kwenye simu.

Dalali akaanza kuleta watu. Waliipenda nyumba, wakaenda benki kuomba mkopo, hawakurudi. Nilimuuliza kwa nini.

"Bosi, benki ni kama kaka yako," alisema. "Serikali ikiwalipa vizuri bila usumbufu, wahangaike na mwalimu anayetaka nyumba ili iweje? Wakimkopesha, riba yake ni ya kumkomesha. Na mwenye pesa mkononi naye anasema bora anunue hatifungani. Shusha bei."

Tulishusha, bado nyumba haikwenda. Nami nikawa nasikiliza taarifa ya habari mpaka kwenye mambo ya riba, kama mtu anayesubiri habari za mgonjwa. Niliomba isishuke, ili nyumba isipate mnunuzi. Jirani yangu, fundi seremala, alikuwa ameshindwa kukopa pesa za mashine kwa sababu ya riba hiyohiyo. Nilijua, na bado niliomba.

Kisha akaja nesi mmoja kutoka Sengerema, aliyehamishiwa mjini. Alisimama peke yake chumbani kwa mama, mchana, halafu akatoka taratibu.

"Nani anaburuta ndoo?"

"Ni mama," nilisema. "Alifariki mwaka jana."

Dalali alinivuta pembeni. "Wewe unauza nyumba au unafukuza watu?"

Lakini nesi hakukimbia. Alikaa kibarazani, akaomba maji ya kunywa, akauliza mama aliugua nini. Benki walimpigia hesabu, makato yakawa makubwa kuliko mshahara ungeweza kubeba. Akaenda kama wengine.

Mwaka uliofuata riba ya hatifungani ilishuka. Benki hawakupata tena faida ile ya kukaa tu, wakaanza kutafuta wakopaji. Nesi akarudi na barua ya mkopo, na wanunuzi wengine wawili nyuma yake, hata bei ikapanda. Kaka alifurahi kwa siku chache, mpaka alipoulizia hatifungani.

"Nyumba imepanda bei, hatifungani sasa zinalipa kidogo," alilalamika. "Mbona kila ninakokwenda nachelewa?"

Tulimuuzia nesi, wapangaji wakahama. Siku ya kukabidhi funguo nilikuwa nimeshafunga godoro langu kwa kamba. Akalitazama, akanigeukia.

"Kaka, unahamia wapi? Mimi nitahitaji mpangaji, peke yangu benki siwawezi."

Nilimwomba chumba cha mama. Hakuniuliza sababu.

Sasa nalipa kodi kwenye nyumba nilimozaliwa, na kodi hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye mkopo wa nesi. Riba ya mkopo wenyewe hupanda na kushuka kulingana na soko. Juzi jioni aligonga mlango, akasimama nje na kanga mabegani, macho chini.

"Benki wameongeza makato. Itabidi na mimi nikuongezee kodi. Ukiona huwezi, nitakuelewa."

Nilimwambia aongeze tu. Sijui nitapunguza nini, pengine chakula cha mchana. Kuhama siwezi, maana chumba kingine mama hatakijua.