Kiswahili Kilichokuwa Sandukuni

Wanawake wenzangu wa jumuiya hapa Ibadakuli, Shinyanga, kila Alhamisi mnaniuliza: Mama Neema, India ulikwenda kufanya nini? Nilikwenda kulinda kifua cha mtu. Kampuni ilimpeleka Baba Neema mji wa Surat mwaka mzima kujifunza kukata almasi, na yeye ana pumu. Nikawaacha watoto kwa mama yangu, nikafunga mizigo.

Kabla hatujapanda ndege akanipa sharti. "Mayu," akasema, maana akitaka jambo ananiita mama kwa Kisukuma, "kule ni Kiingereza tu. Kiswahili kiweke sandukuni."

"Na Kiingereza changu cha shule ya jioni?"

"Hicho kinaona giza, lakini kitatembea hivyo hivyo."

Surat tulipanga chumba kwa Hansaben, mjane anayeamka saa kumi na moja kusali kama mimi, kila mtu na sala yake. Siku za kazi mume wangu alirudi macho mekundu kwa kukodolea vijiwe. Mimi nilinunua bamia sokoni kwa kuonyesha kidole, au nilishinda jikoni Hansaben akizicheka chapati zangu nene. Jumapili ilikuwa ibada. Jumamosi ndiyo tulitembea.

Jumamosi moja, alfajiri, tukapanda treni hadi Bilimora, na pale tukahamia treni ndogo ya kwenda Waghai. Nyembamba kama ya kuchezea, na kwa mwendo ule lori la Isaka lenye mzigo lingeipita dereva akila muwa. Mitiki pande zote. Wanawake wakipanda na vikapu vya mboga wanatuangalia, tunawaangalia, tunacheka.

Karibu na mwisho wa reli watu walikuwa wanachoma majani mashambani. Moshi ukaingia madirishani, nikasikia kifua cha Baba Neema kinaanza kupiga filimbi.

"Kikopo," akasema.

Nikafungua mkoba. Kikopo chake cha kuvuta dawa nilikitoa jana yake nilipokuwa naufuta mkoba, nikakiacha dirishani kwa Hansaben. Mimi, niliyevuka bahari kwa ajili ya kifua hicho!

Waghai, saa saba mchana. Nikamkalisha kwenye benchi la stesheni, midomo inabadilika rangi, hawezi kumaliza neno. Nikakimbilia kibanda cha karibu. Kiingereza chote kimekwisha kichwani, limebaki neno moja. Nikajipiga kifua: "Chest! Chest!"

Mzee wa kibanda akatabasamu, akanimiminia chai.

"Sitaki chai!" nikapiga kelele. "Mungu wangu, duka la dawa liko wapi?"

Akainua uso. "Dava? Dukan?"

"Dawa! Duka!"

"Dava, dukan!" Akaacha birika linachemka, akanishika mkono, tukakimbia, ndala zake zinapiga lami. Dukani nikavuta pumzi kama anavyovuta mume wangu, filimbi na yote. Binti wa pale hakuuliza mara mbili. Akanipa kikopo cha bluu.

Baba Neema akavuta mara mbili, mimi mkono kifuani kwake namwita Yesu. Tukangoja. Hewa ikapita. Sentensi yake ya kwanza nzima ilikuwa, "Mbona umechelewa?" Nikajua amepona.

Mzee akatuletea ile chai niliyoikataa. "Gadi," akasema, akionyesha treni. "Gari," nikamjibu. Akacheka, akagonga kikombe changu: "Chai." Hiyo haikuhitaji jibu.

Njiani kurudi nikawaza. Sijui nani alimpa nani maneno yale, lakini nilikuwa nayo tangu Shinyanga na nikayafungia kwa aibu. Kwa hiyo ninyi mnaoogopa kusoma Neno mbele za watu eti lafudhi ni ya Kisukuma, Alhamisi nitawasimamisha.

Jioni, mlangoni kwa Hansaben, nikachukua kwanza kile kikopo cha dirishani. Kuanzia siku hiyo kimoja kilikaa mfukoni mwake, kingine kwenye pindo la kanga yangu.

"Mayu," mume wangu akasema taratibu, "kile Kiswahili, kitoe sandukuni."

Nikamwita Hansaben, nikagonga sanduku letu la nguo, nikamwuliza kwa mikono linaitwaje.

"Sanduk," akasema.

Baba Neema akacheka mpaka nikamsogezea kikopo.