Mkono wa Kushoto wa Sinyati

"Mama Lesiamon, huo mkono bado ni wako?"

Aliyeuliza ni Zuleha mwenye duka, hapa kwetu pembeni mwa Karatu mjini. Sinyati alikuwa amekaa kwenye benchi la duka akisimulia habari za mvua, na mkono wake wa kushoto umening'inia ukiwa na punje za mahindi. Kuku alikuwa anadonoa kiganja hadi damu inatoka, naye anaendelea na maneno yake. Akauinua mkono, akautazama kama mtu anayetazama mtoto wa jirani.

"Ni wangu," akasema. "Umesafiri tu."

Tulicheka, lakini mimi moyo uliniuma. Kiharusi kilimpata mwezi wa pili. Mdomo ulipinda ukarudi, mguu nao ukarudi. Mkono ulibaki unajongea bila kusikia moto, baridi wala nguo. Siku moja alikuwa anasafisha kibuyu kwa kijiti cha mzeituni chenye kaa, kama wanawake wa Kimasai wanavyofanya ili maziwa yanukie. Akakishika upande wa moto. Kilichomjulisha ni harufu ya ngozi yake mwenyewe.

Kwao ng'ombe wa maziwa hukabidhiwa mwanamke, na anayekamua ndiye mwenye maziwa. Yeye ndiye anayejua mtoto apewe kiasi gani na mgeni apewe nini. Sinyati alikuwa na ng'ombe mmoja mweusi, aliyekuja naye kutoka juu Ngorongoro alipofiwa na mumewe. Sasa ng'ombe huyo alikuwa anakamuliwa na mkwewe, Namunyak. Mwanawe Lesiamon, mume wa Namunyak, alimwambia kwa upole kwamba anaogopa mama yake atapigwa teke, na kwamba ni afadhali ng'ombe awe wa Namunyak moja kwa moja. Mama akaomba asubiriwe mpaka mahindi yavunwe.

Shida ilikuwa hii: wanakamua kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kibuyu, na macho yakiwa kwa ng'ombe. Mkono wa Sinyati ulishika pale tu alipoutazama. Akigeuza macho, vidole vinafunguka vyenyewe. Maziwa yalimwagika mara mbili, na mara ya pili alikaa chini palepale kwenye tope.

Isaya, kijana wa mazoezi ya viungo hospitalini, alimpa beseni la maharage. Ndani yake alificha shanga, kifungo na punje ya mahindi, akamwambia afumbe macho, atafute na kutaja. Sinyati alimuuliza kama amesoma miaka yote ile ili aje kuchezesha wazee maharage. Isaya akacheka, akasema ubongo unafundishwa njia upya, polepole. Miezi minne alikosea karibu kila kitu. Nami nakiri, kila Alhamisi baada ya sala za jumuiya nilipita kusali naye, na nilikuwa nimeacha kumwombea apone. Nilikuwa namwombea uvumilivu.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba nilimkuta zizini na Namunyak. Ndama alikuwa amefunguliwa anyonye kwanza ili maziwa yashuke. Aliposhiba kidogo akageuka, akaramba mkono wa Sinyati. Sinyati hakuutazama. Alinitazama mimi.

"Ulimi wake unakwaruza," akasema.

Nikamwuliza mkono upi. Alifumba macho, akausogeza mkono wa kushoto taratibu mpaka ukagusa pua ya ndama, akasema ni baridi, ina maji. Mimi nilivua ndala zangu. Sijui kwa nini, ila nilijua pale si mahali pa kusimama na viatu. Namunyak aliacha kazi, akaweka kiganja chake mdomoni.

Si vyote vilivyorudi. Maji ya moto bado yanamdanganya, huyapima kwa mkono wa kulia. Lakini shanga na mahindi anavitofautisha macho yakiwa yamefumbwa, na Isaya mwenyewe alitikisa kichwa kwa mshangao.

Jumapili iliyopita gunia la mwisho la mahindi liliingia ndani. Jioni Lesiamon alisimama kwenye mlango wa zizi. Mama yake alichukua kibuyu kwa mkono wa kushoto, akaenda mpaka ubavuni mwa ng'ombe mweusi, macho yake kwa ng'ombe. Namunyak, kwa mazoea, akanyoosha mkono akipokee.

"Namunyak mwanangu, nishikie ndama," Sinyati akasema. "Kibuyu niachie mimi."