Kioo Kilichoandikwa kwa Ndani

Tulikuwa pale mbele ya nyumba yangu, Nyabiondo: mimi, mutoto wangu wa tatu, ambaye njo anaendesha gari, bibi yake wa ndoa, ambaye ninamuita binti kwa sababu alikuja kwangu akingali kijana, shemeki wangu, mudogo wa marehemu bwana yangu, na fundi wa vioo aliyetoka Sake. Huyo fundi si ndugu yetu, ila mama yake na mimi tuliimba pamoja kanisani zamani. Majina yao yote ninayo, na ya baba zao. Sitayaandikisha, kwa sababu wangali wanapita barabara ileile.

Gari ilikuwa ya bwana yangu. Alipoinunua ilikuwa imeshazeeka. Kwa juu ya kioo cha mbele aliandika neno moja na rangi nyeupe: TUTAFIKA. Aliandika kwa ndani, ili mvua isifute, kwa hiyo neno lote aliligeuza, lianzie mwisho, ulimi umetoka nje kama mutoto wa shule. Herufi F alisahau kuigeuza. Kwa nje ikabaki inatazama nyuma, na hakuitengeneza. Mimi sikusoma sana, lakini neno lile nililisoma kutoka mbali. Kutoka Masisi mpaka Walikale hakuna muntu aliyesema gari ya fulani. Wamama wenye mizigo ya maharagi pale Bihambwe walisema, "Tunangojea Tutafika."

Bwana yangu alikufa na ugonjwa. Picha zake zilibaki ndani ya nyumba siku tulipokimbia vita, na tuliporudi nyumba haikuwako tena. Kitu cha mukono wake kilichobaki kilikuwa kile kioo.

Basi, siku moja mutoto wangu alikuwa anatoka Walikale, nyuma ya lori lililokuwa limepeleka vyakula upande wa Bisie. Tairi ya lori ikarusha jiwe, likapiga kioo upande wa usukani. Kidonda kilikuwa kidogo kama punje ya hindi. Shemeki alikiona jioni ileile. Yeye alifanya kazi ya malori tangu ujana, na kwetu tanki ya mazuti, yale mafuta ya lori, ikitoboka njiani, muntu anachukua sabuni ya kipande, anailowesha, anaipachika kwenye tundu, na safari inaendelea. Akachukua sabuni yangu ya kufulia, akajaza kidonda, akalainisha na kidole.

"Maji haiingie tena," akasema.

Tukamushukuru. Hakuna kati yetu aliyeona ubaya.

Lakini asubuhi za baridi za kwetu, na mashimo ya barabara, vilifanya kidonda kiote muguu. Ufa ukaanza kutembea kuelekea katikati. Hapo njo mutoto wangu akamuita fundi.

Fundi aliweka tochi karibu na kioo, akachokoa na sindano, kisha akanusa ile sindano.

"Nani alitia sabuni humu?"

"Mimi," shemeki akajibu. "Sabuni inafungaka mazuti ya tanki. Itashindwa na upepo?"

"Tanki haiangaliake barabara, Papa."

Hata shemeki alicheka kidogo. Halafu fundi akatueleza pole pole. Kole yake, ile gundi ya vioo, inataka kidonda kikavu na kitupu, iingie mpaka mwisho na kushikana na kioo. Sabuni ilishaingia ndani ya ufa. Akiweka kole juu yake, ao itashika kidogo, ao itaachia kwenye shimo la kwanza. Na hata ikishika, alama itabaki palepale mbele ya macho ya shofere. Yeye aliona heri kutoa kioo chote na kutafuta kingine Goma, cha gari iliyokufa.

Shemeki akaacha kucheka. "Tia kole yako," akasema. "Yaya, mukubwa wangu, alipoenda hakutuachia hata picha. Mukono yake iko hapa tu."

Binti alikuwa anachambua majani ya sombe kwenye mulango. Hakuinua kichwa. "Papa mudogo, kesho njo wewe utaendesha?"

"Mimi niliendesha barabara hii gari haina hata kioo."

"Na meno yako ya mbele iko wapi?"

Mutoto wangu alikuwa ananitazama mimi, na nikajua atakubali nitakachosema, hata kama ni kibaya kwake. Hilo njo lilinitia woga.

Nikawaambia wanifungulie mulango wa gari. Mimi nilizoea kukaa upande mwingine. Kwenye usukani sikukaa hata siku moja. Nikapanda, binti akinisukuma kwa nyuma. Nikatazama juu nione neno la bwana yangu, nikashindwa kulisoma. Kwa ndani neno lote lilikuwa limegeuka, linaanzia mwisho, isipokuwa ile F. Nilisoma F peke yake. Nikateremusha macho kwenye barabara. Jua lilikuwa linakuja mbele, na pale penye ufa mwanga ulipasuka, pikipiki iliyokuwa inapanda kilima ikapotea ndani yake, halafu ikatoka upande wa pili, iko karibu sana.

Nikashuka. Nikasema, "Mutoe."

Shemeki njo alikata ule mupira unaoshika kioo. Hakutaka fundi aguse. Alikibeba na mutoto wangu mpaka nyumbani kwa shemeki kama wanabeba mugonjwa, wakakiegemeza kwenye ukuta wa chumba. Kiko pale mpaka leo. Sijaingia kukitazama.

Siku mutoto wangu alipopita Bihambwe na kioo kipya, wamama walimuacha apite, wakizani ni gari ya wageni. Ilibidi arudi nyuma akitoa kichwa dirishani, akiwaita mumoja mumoja. Jioni akaniuliza kama tuandike tena. Nikamwambia angoje, kwa sababu sikuona ni mukono wa nani utaandika.

Mimi nakumbuka kwamba nilisema "Mutoe" kabla muntu yeyote hajafungua kinywa. Binti anasema hapana, shemeki alikuwa ameshachukua kisu nilipokuwa ningali ninashuka. Kama ni shemeki alianza, sitaki kumunyanganya hilo. Walikuwepo watu barabarani siku ile, wengine watasomewa haya. Aliyeona vizuri kuliko mimi apite nyumbani aniambie, nami nitamuomba mujukuu anayeniandikia abadilishe.